Vita vya Majimaji katika Madarasa Matatu

Mtoto wa Tanzania anayefika kidato cha sita huwa amesoma habari za Vita vya Majimaji mara tatu. Mara ya kwanza ni shule ya msingi, katika somo ambalo kwa miaka mingi liliitwa Maarifa ya Jamii, ambamo historia na jiografia viliwekwa chungu kimoja. Mara ya pili ni sekondari, kabla ya mtihani wa kidato cha nne, kwenye mada ya kuja kwa ukoloni na namna Waafrika walivyoupinga. Mara ya tatu ni kidato cha tano na cha sita, kwa wale waliochukua tahasusi zenye historia kama HGL, HKL au HGE. Vita ni vilevile: vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, vikaenea kusini mwa koloni la Wajerumani hadi Ungoni, na kufikia 1907 vilikuwa vimezimwa. Vinavyobadilika ni umri wa anayesoma, lugha anayosomea na mtihani unaomsubiri.

Mwalimu aliyeshika chaki katika ngazi zote tatu hupata nafasi ya kuona jambo ambalo ni vigumu kulitambua kwa kukaa ngazi moja. Uwezo wa kuuliza "tumejuaje?" haungoji kidato cha tano. Mtoto wa darasa la sita anao tayari. Ametoka nao nyumbani, ambako amezoea kuwasikia watu wazima wawili wakisimulia ugomvi mmoja kwa namna mbili, naye akaamua kimoyomoyo nani anasema kweli. Akifika shuleni hupewa jibu kabla hajaona ushahidi, na baada ya miaka michache ya hivyo huacha kuuliza. Ndiyo maana kufundisha historia kwa umri wote huo ni kazi moja yenye hatua, wala si kazi tatu zinazojitegemea. Kila hatua huongeza wingi wa ushahidi na ugumu wa kuupatanisha, lakini ushahidi wenyewe hutangulia tangu darasa la kwanza kabisa la somo hili.

Katika shule ya msingi kikwazo kikubwa ni wakati. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, Kinjikitile, Mtemi Mkwawa na Mwalimu Nyerere wote waliishi "zamani", na zamani hiyo ni chumba kimoja kisicho na kuta. Kumwambia tarehe hakusaidii, kwa kuwa 1331 na 1905 kwake ni namba mbili tu. Kinachosaidia ni kamba ya katani iliyofungwa ukutani kutoka kona moja ya darasa hadi nyingine, kwa makubaliano kwamba mita moja ni miaka 100. Upande wa mlango ndiko leo. Uhuru wa 1961 unakaa sentimita sitini na kitu kutoka mlangoni, na babu za watoto wengine walizaliwa nyuma ya hapo kidogo. Majimaji inapita kidogo mita moja. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, yuko karibu mita saba, pengine kwenye dirisha la mwisho. Kisha mwalimu anauliza: fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, tulitundike wapi? Watoto wanapiga hesabu. Jibu ni kilomita kumi na saba na nusu kutoka pale walipokaa. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, ziko kilomita thelathini na sita. Darasa hunyamaza kidogo, halafu kila mtu anataka kusema ni kijiji gani kilichoko umbali huo. Baada ya kipindi hicho neno "zamani" halitamkwi tena ovyo. Wenyewe huulizana, zamani ya wapi kwenye kamba?

Hatua ya pili katika umri huo ni kuonyesha kwamba watu wa nyumbani kwao wamo ndani ya historia. Operesheni Vijiji inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu walioishuhudia bado wako hai. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika na kupelekwa katika vijiji vilivyopangwa. Mtoto anatumwa akamwulize mzee wa familia swali moja tu: kabla ya hapa, tulikuwa tunakaa wapi? Majibu yanayorudi darasani hutofautiana vibaya. Babu wa huyu alipakiwa kwenye lori na vyombo vyake, akaiacha mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Bibi wa yule anasema walikwenda kwa hiari, wakashukuru kupata shule na zahanati karibu. Familia hizo mbili zinakaa kijiji kimoja. Mwalimu mzuri haharakishi kuamua nani yuko sahihi. Anaziandika habari zote mbili ubaoni, kisha anauliza ni jambo gani linaloweza kufanya watu wawili wakumbuke hivyo. Mmoja atasema babu yake alikuwa na mikorosho mingi. Mwingine atasema bibi alikuwa na watoto wadogo. Hapo watoto wa darasa la sita wamefanya kazi ya mwanahistoria, tena bila kuambiwa jina lake.

Swali gumu kuliko yote kuhusu Majimaji huulizwa katika ngazi hii, na huulizwa waziwazi: kwa nini waliamini kwamba maji yatazuia risasi? Mara nyingi swali huja na kicheko. Kulikwepa ni hasara kubwa, kwa sababu mtoto anayeachwa acheke ataondoka akiamini kwamba mababu zake walikuwa wajinga, na imani hiyo haitang'oka kwa urahisi. Njia ni kurudi Ngarambe, karibu na Rufiji, alikoishi Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji hayo. Watu waliokwenda kwake walizijua dawa tangu utotoni: ya kulinda shamba, ya kumkinga msafiri, ya kumtuliza mgonjwa. Hawakuwa na mfalme mmoja. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine hawakuwahi kupigana chini ya amri moja, na Mjerumani alikuwa akiwapiga mmojammoja. Yale maji yaliwapa kiapo cha pamoja. Aliyeyanywa au kunyunyiziwa alijua kwamba jirani asiyemfahamu, mwenye lugha nyingine, ameyapokea pia. Mtoto akishaelewa hayo huacha kucheka, na mara nyingi huuliza swali la pili lililo bora zaidi: Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, mbona watu hawakuacha kupigana?

Kidato cha kwanza sauti hizo hukatika ghafla. Sababu inajulikana na kila mwalimu: mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba anaingia darasa ambalo masomo yake, historia ikiwamo, yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa akibishana kuhusu Operesheni Vijiji sasa anatazama meza. Hajapungukiwa na akili wala hamu. Amepungukiwa na maneno. Mada ya kwanza ya kidato hicho ni maana ya historia na vyanzo vyake, yaani ileile aliyoifanyia kazi kwa mikono yake shule ya msingi, lakini hakuna anayemwambia kwamba ndiyo ileile. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kheri. Kwa somo la Historia lenyewe, mwalimu bado analazimika kuvuka na wanafunzi wake kama mtu anayevusha watoto mto: kwanza wajadili kwa Kiswahili hadi wazo likomae, kisha waandike sentensi tatu au nne kwa Kiingereza, kila mmoja ya kwake, hata kama sarufi inachechemea. Sentensi iliyonakiliwa ubaoni ni sahihi na haina mwenyewe. Iliyotungwa na mwanafunzi ina makosa yanayorekebishika.

Kitu cha kushika mkononi husaidia hapa kuliko maelezo marefu, kwa kuwa kitu hakina lugha ya kufundishia. Katika nyumba nyingi za Tanzania bado kuna sarafu ya senti kumi ya enzi za Mwingereza, ile nyekundu yenye tundu katikati, iliyosahauliwa kwenye kopo la vifungo au kuning'inizwa shingoni mwa mtoto mchanga kama kinga. Mwanafunzi akiombwa ailete, darasa zima lina chanzo cha historia cha kuchunguza. Tundu ni la nini? Watabahatisha, hadi mmoja akumbuke kwamba wazee walizitunga kwenye uzi kama shanga. Yale mapinda mawili yanayolizunguka tundu ni nini? Ni pembe za ndovu, na papo hapo inazuka hoja ya kwa nini serikali ya kikoloni ilichagua pembe kuwa alama ya nchi hizi. Kwa nini sarafu haisemi Tanganyika, inasema Afrika Mashariki? Kwa sababu Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia fedha moja, na Tanzania ilianza kutoa shilingi yake 1966.

Kuna jambo la ndani zaidi, ambalo wanafunzi huligundua wenyewe wakiwa na sarafu mbili za miaka tofauti. Ile ya 1942 ina jina la Mfalme George wa Sita pamoja na herufi za mkato zinazomtaja kuwa ni Mfalme Mkuu wa India. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ina jina la mfalme huyohuyo, lakini cheo cha India hakipo. India ilipata uhuru 1947. Kijana wa kidato cha kwanza, katika shule ya kata isiyo na maktaba, ameishika habari ya kuporomoka kwa dola kubwa kwenye senti kumi iliyonunulia bibi yake chumvi. Hakuna notisi zinazoweza kumfundisha hivyo. Darasa la kidato cha kwanza lililosinzia juma zima kwa orodha ya aina za vyanzo vya historia huamka kwa tundu moja la sarafu, na siku inayofuata kila mfuko una kitu: risiti ya kodi iliyoliwa na mchwa, kadi ya TANU, kipande cha kazi cha babu aliyekwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Kidato cha tatu na cha nne ndicho kipindi ambacho somo hili huumia zaidi. Mada ni nyingi, mtihani wa Baraza la Mitihani unakaribia, na darasa lina wanafunzi sabini. Kinachofuata kinafahamika: kiranja anapewa daftari la mwalimu, anajaza ubao, wenzake wananakili, ubao unafutwa, unajazwa tena. Majimaji inageuka kuwa sababu sita na athari sita. Kodi, kazi za kulazimishwa, pamba, ukatili wa maakida, kunyang'anywa ardhi, kudharauliwa kwa mila. Mwanafunzi huzikariri kwa mpangilio huo, na akiulizwa ipi ilikuwa nzito zaidi Umatumbi na ipi Ungoni hushangaa, kwa sababu kwenye daftari zote zina uzito mmoja. Lawama zote kwa mwalimu si haki. Mtihani wenyewe kwa miaka mingi umeuliza hoja kadhaa zenye utangulizi na hitimisho, na shule hupimwa kwa ufaulu. Hata hivyo, mwanafunzi anayeielewa sababu huikumbuka muda mrefu kuliko aliyeikariri, kwa hiyo ushahidi na mtihani havigombani kama inavyodhaniwa.

Mfano ni hoja ya pamba. Badala ya kuandika ubaoni kwamba wakulima walilazimishwa kulima pamba, mwalimu anaweza kulipa darasa maelezo mafupi ya jinsi mpango ule ulivyofanya kazi. Chini ya Gavana von Götzen, kuanzia 1902, vijiji viliamriwa kuwa na shamba la pamba la pamoja chini ya jumbe. Watu walifanya kazi humo kwa siku zilizopangwa, wakati wa kulima mashamba yao ukapita, na malipo waliyopewa mwisho wa msimu yalikuwa madogo hata kuna waliokataa kuyapokea. Kisha linaongezwa jambo moja: vita vilipoanza kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, tendo la kwanza lilikuwa kung'oa miche ya pamba. Wanafunzi wanaulizwa kwa nini walianzia hapo, badala ya kuanza kwa kumshambulia akida au kuchoma duka. Katika majadiliano ya namna hiyo hutokea kijana, mara nyingi mtoto wa mkulima wa korosho au ufuta, akaeleza kwa uchungu unaojulikana nyumbani kwao maana ya kulima zao ambalo bei yake anaipanga mtu mwingine. Hoja hiyo haitamtoka siku ya mtihani.

Masimulizi ya wazee yanastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya kumbukumbu za Majimaji, katika kazi iliyoongozwa na John Iliffe akiwa pamoja na watafiti kama Gilbert Gwassa. Wazee waliohojiwa wakati ule wengine walikuwa watoto mwaka 1905. Ni kazi ile iliyoondoa historia ya vita hivi mikononi mwa taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yao, na waliokusanya walikuwa wanafunzi, jambo ambalo kila darasa la sekondari kusini mwa Tanzania linapaswa kuambiwa.

Leo hakuna aliyeiona Majimaji kwa macho. Wapo wajukuu na vitukuu, na kuwahoji kunataka maandalizi. Mwanafunzi anayefika barazani na karatasi mkononi akasoma, "Swali la kwanza, taja sababu za Vita vya Majimaji," atapewa na mzee zile sababu sita za kitabuni, maana mzee naye alisoma shule au amesikiliza redio. Inabidi afundishwe kukaa kwanza. Asalimie, "Shikamoo, bibi," aitikiwe, "Marahaba, mjukuu wangu," aulizwe yeye ni mtoto wa nani, akubali kuhojiwa kabla hajahoji. Halafu aanze na mambo ya nyumba: bibi, jina lako ulipewa na nani, na mwenye jina alikuwa nani? Mama yake bibi alilima wapi? Kulipokuwa na njaa walikula nini? Na mwishoni aandike nani amemwambia, umri wake, na yeye aliambiwa na nani, kwa sababu simulizi isiyo na mnyororo wa wasimulizi ni uvumi.

Maswali ya chakula hufungua milango ambayo maswali ya vita hayafungui. Mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu katika wilaya moja ya Lindi alirudi na daftari lenye habari fupi kutoka kwa bibi yake: kwamba katika njaa ya baada ya vita, mama wa bibi wa msimulizi huyo aliwalisha wanawe ming'oko, akienda kuichimba mbali porini kwa hofu ya askari. Ming'oko ni mizizi ambayo darasa zima huinunua ikiwa imechemshwa, mtaani na stendi, kama kitafunwa. Maofisa wa Kijerumani waliandika wenyewe kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza wapiganaji, wakachoma maghala na mashamba. Watu wengi zaidi walikufa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Vitabu vya kiada huliweka jambo hilo kwenye orodha ya athari, mstari wa nne au wa tano. Kwa mwanafunzi yule na wenzake lilihamia mahali pake panapostahili, katikati ya vita vyenyewe, na likawaonyesha kwamba wanawake, ambao kitabu kilikuwa hakiwataji, waliipigania familia kwa jembe la kuchimbia mizizi.

Tahadhari moja ni ya lazima katika ngazi hii. Wanafunzi wengi wanamfahamu Kinjikitile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, na hunukuu maneno ya mhusika kana kwamba ni ya mtu aliyeishi Ngarambe. Tamthilia ile ni kazi kubwa ya sanaa, na mashaka yanayomtesa mhusika wake mkuu yanafaa kujadiliwa. Lakini yametungwa na mwandishi kwa ajili ya Tanzania ya wakati wake. Mwalimu wa historia na mwalimu wa fasihi wakikaa pamoja kipindi kimoja, kila mmoja na swali lake juu ya mtu huyohuyo, wanafunzi hutoka na uelewa wa masomo yote mawili.

Kidato cha tano na cha sita ni mahali pa kuweka wanahistoria wenyewe mizani. Majimaji ina maandiko ya kutosha kwa kazi hiyo. Von Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu vita 1909, akiwa na sababu zote za kutaka lawama zisimwangukie yeye na sera zake. Nyerere, aliyekuwa amefundisha historia Pugu kabla ya kuacha ualimu 1955, aliizungumzia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Miaka ya 1960 Iliffe na Gwassa waliandika kuhusu umoja uliovuka mipaka ya makabila. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri walirudi kwenye ushahidi na kuuliza mengine: ugomvi wa watawala wa Nyanda za Juu Kusini wao kwa wao, nafasi ya wanawake, uharibifu wa mashamba uliofanywa na nguruwe mwitu baada ya watu kuzuiwa kuwinda. Mwanafunzi anapaswa kuona kwamba kila mmoja aliuliza kilichokuwa kinaumiza au kuhitajika katika wakati wake, na bado si kila jibu lina ushahidi sawa na lingine.

Ugumu huja pale ushahidi unapogoma kufuata matarajio. Wahehe, ambao chini ya Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, mwaka 1905 wengi wao walisimama upande wa Wajerumani. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Kilombero, naye vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyelelewa na hadithi ya umoja huona aibu, na wengine hutaka jambo hilo lisisemwe. Linatakiwa lisemwe, pamoja na hali yao: Wahehe walikuwa wametoka kwenye vita virefu vilivyoishia kwa kifo cha Mkwawa 1898, na Kiwanga alikuwa na maadui jirani aliowaogopa kuliko Mzungu wa mbali. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza kabisa kuelewa kwamba mtu huchagua kwa kutazama hatari iliyo mlangoni pake.

Hesabu ya waliokufa ni somo jingine la ngazi hiyo. Wajerumani walikadiria Waafrika 75,000. Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Wanafunzi hutaka waambiwe ipi ni sahihi, ili waiandike. Kinachowafaa zaidi ni kuuliza kila namba ilipatikanaje: nani alihesabu, alihesabu maiti za vitani au pia za njaa, alifika vijiji gani? Taarifa hizohizo za Kijerumani zinawataja Wazungu waliouawa kuwa 15, mtu kwa mtu, wakati Waafrika wamekadiriwa kwa maelfu ya mkupuo. Tofauti ya namna ya kuhesabu ni ushahidi wa utawala ule ulimwona nani kuwa mtu. Shule zilizo karibu na Songea zina bahati ya Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo zaidi ya mashujaa 60 walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na ambapo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika akaomba msamaha. Ziara ya hapo huzaa esei bora za mwaka mzima, mradi mwalimu awe ametoa maswali kabla ya basi kuondoka.

Jambo hilo la kuwa na mizani linahusu pia vitabu vinavyopendwa. Walter Rodney alikuwa akifundisha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya na kudumaa kwa Afrika kimewafungua macho wasomaji wa vizazi kadhaa. Wanafunzi wa kidato cha sita hukinukuu kama msahafu. Rodney alikuwa mbishani hodari na angestahili heshima ya kubishiwa: hoja yake ijengwe upya na mwanafunzi, ipewe mifano, kisha ijaribiwe mahali pamoja, kwa mfano Kilwa, ambayo utajiri wake wa dhahabu ya Sofala ulivurugwa na Wareno walioushambulia mji 1505.

Ziko mada ambazo ngazi zote huziogopa. Biashara ya watumwa ikifundishwa ovyo katika darasa la pwani, mtoto mwenye asili ya Kiarabu hugeuziwa macho na wenzake kana kwamba yeye ndiye aliyeuza watu Bagamoyo, na mwenye ukoo uliowahi kuwa wa watumwa hutamani ardhi ipasuke. Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yana familia zilizoyashangilia na familia zilizopoteza watu, na zote zinapeleka watoto shule. Mwalimu hana ruhusa ya kuzikwepa mada hizi, lakini ana wajibu wa kuziendesha kwa utaratibu: kueleza biashara kama mfumo wenye wanunuzi, wauzaji, wapagazi na masoko kutoka bara hadi visiwani na ng'ambo, kusema mapema kwamba hakuna mtoto anayejibu kesi ya marehemu, kuzima mzaha papo hapo. Watoto wakishaona kwamba darasa ni mahali salama, husema mambo mazito kwa adabu kuliko watu wazima wengi.

Yote haya huishia kwenye kusahihisha, kwa sababu mwanafunzi hufuata kile kinachopewa alama. Esei ya hoja sita inaweza kuendelea kuandikwa, kwa vile Baraza linaitaka, huku alama za darasani zikigawanywa upya: hoja chache, lakini kila moja na tukio lake, mahali pake na mwaka wake, na angalau moja iliyopimwa dhidi ya ushahidi unaoipinga. Daftari za mahojiano nazo zisahihishwe kama kazi kamili. Zinaposahihishwa hazipaswi kurudishwa nyumbani zikafungiwe maandazi. Shule inayozihifadhi kabatini kwa kijiji na kwa mwaka hujikuta, baada ya vidato vichache kupita, ina chanzo kisichopatikana kwingine: bibi aliyefariki bado anasimulia kwenye daftari la kaka, na mdogo mtu anaweza kuilinganisha simulizi hiyo na aliyoipata yeye nyumba ya tatu, akaandika pembeni mahali zinapokubaliana na mahali zinapopishana.